Swali la Mama wa Maji

Kinyozi wangu wa Pipeline, mtaa wa Nairobi, hajamsamehe Naomi Nagata wa The Expanse. Mara nyingi nimekaa kwenye kiti chake kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, mashine imezimwa, naye amesimama mbele yangu ananielekezea kitana na kunisomea mashtaka. Alikula nao, akalala nao chombo kimoja, akawadanganya. Nikifungua mdomo kumtetea, hunikumbusha mwenye wembe ni nani.

Kwa ambaye hajaitazama tamthilia hiyo ya anga za juu, nitaeleza kwa ufupi. Ilianza kuonyeshwa Desemba 2015 ikamalizika Januari 2022, misimu sita. Binadamu wamegawanyika mafungu matatu: wa Dunia, wa Mirihi, na wa Ukanda wa asteroidi, ambako wachimba migodi wamezaana vizazi kadhaa bila kukanyaga udongo. Mifupa yao imerefuka ikakonda kwa kukosa uzito. Katika kipindi cha kwanza kabisa, mmoja wao analetwa Duniani na kuning'inizwa. Hapigwi. Mvutano wa ardhi unatosha kumtesa. Huko kwao maji huletwa na meli kama mabonge ya barafu, na hewa ina bei.

Halafu kuna protomolekuli, kitu kisichotoka kwa binadamu yeyote, ambacho wakubwa wa Dunia na Mirihi wanataka kukifanya silaha. Sampuli yake inaangukia mikononi mwa watu wanne wa chombo kiitwacho Rocinante, mmoja wao Naomi, binti wa Ukanda. Wenzake Naomi wanaamini kwamba ameirusha kwenye Jua ikateketea. Kumbe ameificha. Mwishoni mwa msimu wa pili anamwambia Holden, nahodha wake na mpenzi wake, kwamba ameshampa Fred Johnson, mwanajeshi wa Dunia aliyewahi kuwaua watu wa Ukanda kisha akahamia upande wao.

Kwa nini alifanya hivyo? Hilo ndilo swali lililokigeuza kinyozi kile kuwa bunge. Mwenyewe ana misimu yote sita kwenye flashi, na televisheni yake ya ukutani haijui habari wala mpira. Wateja wamebishana juu ya kila mtu aliyemo. Amos, mwenzao wa Rocinante, tulimmaliza kwa dakika tano: hajiamini kupambanua jema na baya, kwa hiyo hutafuta mwenye dhamira akamfuata. Lakini Naomi ametushinda miaka.

Nadhani shida ilianza utotoni. Sisi tulilelewa na vibanda vya video, ambako picha ilikuwa na watu wawili tu, staringi na adui, na staringi hafi. Ukichelewa kuingia, swali la kwanza ni "staringi ni nani?" Ukishaonyeshwa, huna haja ya kujua nia ya mtu mwingine yeyote. The Expanse inakunyima raha hiyo. Kinyozi ameamua staringi ni Holden, basi anayemdanganya Holden ni adui, kesi imekwisha. Fundi wa simu wa duka la pili anashikilia kwamba staringi ni Naomi, na kosa lake ni kumpenda mtu wa Dunia. Kuna kijana mmoja wa chuo ambaye haji kwa hoja. Yeye huja kwa lugha tu. Lugha ya watu wa Ukanda, iliyobuniwa na mwanaisimu Nick Farmer, ni mseto kama Sheng yetu, na ndani yake "sasa ke?" maana yake ni "umeelewa?" Kila inapotamkwa, kijana hujibu "poa!" kwa sauti. Kila mtu amechoka isipokuwa yeye.

Mimi msimamo wangu wa zamani ulikuwa maji. Nilisema, na bado nasema, kwamba mtu wa Nairobi hana udhuru wa kutomwelewa Naomi. Kipindi kilekile cha kwanza, mchochezi mmoja anahutubia pale Ceres, jiwe la Ukanda wanakoishi watu, kwamba jiwe lile lilikuwa na barafu ya kutosha vizazi elfu moja, mpaka Dunia na Mirihi walipoikwangua yote. Kuna mteja wa kutoka Gatanga, Murang'a, ambaye akifika hapo huomba tusimamishe kidogo. Kwao ndiko liliko Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, mita za ujazo milioni 70, na sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka huko. Anasema nyanyake alikuwa akiteremka mtoni na mtungi huku bwawa linang'aa kule juu. Sisi nasi tuliokuwa tukinywa maji hayo huku chini tulikuwa tunayasubiri Jumanne na Ijumaa, saa nane usiku, na siku nyingine bomba linakohoa upepo mpaka alfajiri. Anayefungua koki ndiye anayeamua uoge lini. Dunia wana protomolekuli, Mirihi wanaitafuta, Ukanda hawana chochote, na walio na kitu hawajawahi kumsikiliza asiye na kitu. Hoja yangu ilikuwa hiyo, na niliiona nzito.

Mama anayeuza maji ndiye aliyeipasua.

Kibanda chake kinagusana ukuta na kinyozi, mitungi ya lita 20 imepangwa mpaka mlangoni, na sauti ya televisheni humfikia atake asitake. Siku hiyo aliingia kuomba chenji, akatukuta tumepandisha. Akasikiliza, akauliza huyo dada ameiba nini. Tukamweleza. Akasema, "Hata mimi ningempa huyo mzee wa kwetu. Lakini kwani nani alimuuliza? Mbona akaenda kumwambia bwana?"

Akachukua chenji yake akatoka. Tulikaa kimya, na kinyozi kukaa kimya si jambo dogo.

Maana ni kweli, hakuna aliyemshuku. Kama nia yake ilikuwa siasa ya Ukanda, kunyamaza kungemfaa zaidi: Fred angebaki na mali, Dunia wasijue. Kama nia yake ilikuwa kulinda penzi, kunyamaza kungemfaa zaidi vilevile. Sababu zote mbili tulizozigombania miaka yote zilikuwa zinamwambia afunge mdomo. Akaufungua. Kwa hiyo iko nia ya tatu, nasi tulikuwa hatujaitafuta kwa sababu tulikuwa tumekodolea macho wizi.

Nimerudia misimu ile nikiwa na swali la mama huyo, na jibu langu sasa ni Marco Inaros. Akiwa bado msichana, Naomi aliandika programu kwa ajili ya Marco, aliyekuwa mpenzi wake. Marco akaitumia kulipua chombo kilichokuwa na watu. Hakumwambia kabla. Naomi alipotaka kuondoka, Marco akamficha mtoto wao, Filip. Naomi anajua kinagaubaga jinsi inavyokuwa kugundua kwamba mikono yako ilifanya kazi ambayo kichwa chako hakikuarifiwa. Na Holden, siku zile za ukimya, alikuwa amefanywa vivyo hivyo. Alikuwa anazunguka anga akitoa ahadi na kufanya maamuzi kwa kuamini kitu ambacho hakikuwepo. Naomi aliweza kumwibia Holden. Kumgeuza chombo cha kutumiwa, kama yeye alivyogeuzwa, hakuweza. Ndiyo maana alisema akijua atampoteza, na kweli wakatengana kwa muda.

Sikusema alifanya vyema. Watu husikia "nia" wakadhani umesema "msamaha". Kinyozi ni mmoja wao, lakini ana kete moja ambayo huiweka mezani akiona nimejisahau. Msimu wa tano, watu wa Marco wanamuua Fred Johnson palepale Tycho, kituo chake cha angani, na kuondoka na sampuli. Ile ile. "Wewe unasema alimjua Marco kuliko wote," ananiambia, "halafu akaacha kitu kama kile mahali Marco angefika?"

Hapo sina pa kushika. Nimejaribu kusema kwamba alimpa Fred na si Marco, akanijibu kwamba mlango ukishafunguliwa hauchagui mgeni. Nimejaribu kusema kwamba Marco naye alikulia kiu ileile, na kiu haikumlazimisha kurusha mawe Duniani na kuua mamilioni. Akacheka. "Basi wacha kunihubiria maji, buda. Umekiri mwenyewe maji hayaelezi kitu."

Si kwamba hayaelezi kitu. Yanaeleza kwa nini alitoa, hayaelezi kwa nini alisema. Nilikuwa katikati ya sentensi hiyo aliponizungushia kiti nitazame kioo, akanipangusa shingo kwa taulo, akauliza siku hizi naishi wapi. Anajua ninakoishi. Nilihama Pipeline miaka mitatu iliyopita, na mwenye nyumba wangu wa sasa amechimba kisima.

"Na tangi liko juu ya paa?"

Nikamwambia liko.

"Inyalowda," akasema, jina ambalo watu wa Ukanda huwaita wale wa Dunia na Mirihi, akawasha mashine kumalizia upande uliobaki.