Kufuli kwenye mlango wa duka la vitabu

Septemba na Oktoba 1982, naibu sherifu aliyevaa kiraia aliingia mara kadhaa katika duka la vitabu na sinema za watu wazima huko Kenmore, mji mdogo unaopakana na Buffalo, jimbo la New York. Alichokiona hakikuwa kwenye rafu. Wateja walikuwa wakifanya ngono humo humo dukani, wengine wakijinadi kwa pesa, naye mwenyewe alitongozwa zaidi ya mara moja. Kwa ushahidi wake, mwenye duka aliyaona yote hayo.

Mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Erie, Richard Arcara, hakumshtaki mtu yeyote kwa kuuza picha chafu. Alifungua kesi ya madai kwa kutumia sheria ya afya ya jimbo, inayolihesabu danguro kuwa kero ya umma, akaomba jengo lifungwe mwaka mzima. Vitabu havikushtakiwa, lakini ndivyo vingefungiwa ndani.

Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na kwangu ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote ugumu wa jambo hili: je, ni halali kuitumia sheria ya kero kuzifunga biashara zinazouza ngono kwa picha na maandishi?

Sheria ya kero ni kongwe, na asili yake ni Uingereza. Nasi tuliirithi huko huko. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ya Kenya zote zina kosa la kuwaudhi watu kwa ujumla. Msingi wake unaeleweka bila wakili: mali ni yako, lakini huna ruhusa ya kuitumia kwa namna inayowanyima wengine usingizi, hewa safi au njia ya kupita. Machinjio yanayotiririsha damu mtaroni ni kero. Baa inayopiga muziki hadi alfajiri ni kero. Mahakama haiulizi kama nyimbo ni nzuri au mbaya, inauliza kelele zinafika wapi na saa ngapi.

Wamarekani waliinyoosha sheria hii mapema karne ya 20. Iowa ilitangulia mwaka 1909 kwa sheria iliyomruhusu raia wa kawaida kwenda mahakamani kuomba danguro lifungwe, na majimbo mengi yakafuata. Sababu yao haikuwa ndogo. Katika miji mingi polisi walijua kila danguro lilipo na hawakuligusa, kwa kuwa walikuwa na mgawo wao. Mwananchi aliyechoka hakuwa na pa kwenda. Sheria ilimpa mlango, na ilimlenga mwenye nyumba anayekula kodi, si mwanamke peke yake. Ila wanawake wale wale, nyumba zilipofungwa, wengi waliishia barabarani na kwenye vyumba vya siri bila mtu wa kuwashika mkono. Hilo nalo lisisahaulike.

Zilipoenea sinema na maduka ya ngono, waendesha mashtaka waliikumbuka silaha ile. Faida zake zilionekana wazi. Katika kesi ya jinai lazima uthibitishe pasipo shaka, mbele ya jopo la raia, kwamba kitabu hiki au filamu hii ni chafu kwa vigezo vya kesi ya Miller ya mwaka 1973: inaamsha tamaa chafu kwa viwango vya jamii, inaonyesha ngono kwa namna ya kuchukiza, na ikitazamwa yote kwa jumla haina thamani ya maana kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi. Ukishinda, pengine umemtia hatiani karani wa kaunta. Kesho duka linafunguliwa na karani mwingine. Kesi ya kero inaligusa jengo lenyewe, na mara nyingi mzigo wa ushahidi ni mwepesi zaidi.

Wanaoitetea njia hii wana hoja moja ambayo wapinzani huipita haraka, nami naona haifai kupitwa. Kesi ya madai inaweza kumlinda hata muuzaji. Siku ile ile ilipotoa hukumu ya Miller, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya sinema mbili za Atlanta, na ikausifu utaratibu wa Georgia wa kuanza na madai kabla ya jinai, kwa kuwa ulimpa mwenye sinema onyo la wazi kabla hajaingia hatarini kufungwa jela. Ukiambiwa mapema kwamba filamu hii imevuka mpaka, unaiondoa na unalala nyumbani kwako. Hiyo ni huruma ya kweli, hasa kwa sheria ambayo mipaka yake hata majaji walibishana kuihusu kwa miaka.

Kisha wapo majirani. Wako watu wanaouzungumzia uhuru wa maoni kana kwamba maduka haya yanaelea hewani. Yapo mtaani. Mwenye kibanda cha viatu jirani yake hupoteza wateja, na mama anayempeleka mtoto shule hulazimika kuzunguka mtaa mzima. Watu hawa kwa kawaida hawana pesa za kuhama, na biashara ya ngono huwekwa karibu na wasio na sauti, si kwenye mitaa ya matajiri. Atakayewaambia wavumilie awe tayari kukaa nao.

Lakini tazama kilichotokea Lima, Ohio. Sherifu na mwendesha mashtaka walifungua kesi ya kero dhidi ya ukumbi wa sinema wa Cornell. Jaji alizipitia filamu 16 zilizokwisha kuonyeshwa, akaona ukumbi umeonyesha filamu chafu, akaamuru ufungwe kwa filamu yoyote ile mwaka mzima na mali iliyotumika humo iuzwe. Soma tena: filamu yoyote. Ukumbi ungetaka kuonyesha katuni za watoto mwezi uliofuata, usingeweza. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilipolipokea suala hili katika kesi ya Huffman, haikusema kama hilo ni halali. Ilisema tu kwamba mahakama za shirikisho zisiingilie shauri lililo bado mikononi mwa jimbo. Kwa mwenye ukumbi, maana yake ilikuwa kukata rufaa ngazi kwa ngazi huku milango imefungwa.

Wanaoogopa njia hii huikumbuka Minnesota. Mwaka 1925 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyolihesabu kuwa kero gazeti lolote ambalo ni chafu, na pia lolote lenye uovu, kashfa na kuchafua majina. Sentensi moja, vyungu viwili: uchafu na kashfa. Mwaka 1927 ikatumika kulifunga The Saturday Press la Minneapolis. Gazeti hilo lilikuwa la chuki, hasa dhidi ya Wayahudi, wala simtetei mchapishaji wake Jay Near. Ila pia lilikuwa likiwatuhumu viongozi wa mji na polisi kwa kushirikiana na majambazi. Mwaka 1931, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo: kumfunga mtu mdomo kwa yale ambayo hajasema bado ni udhibiti. Kweli, Jaji Mkuu Hughes aliacha mwanya akasema machapisho machafu yanaweza kuwa jambo tofauti. Hata hivyo somo la chungu cha pili limebaki. Sheria iliyoutaja uchafu ilitumika kumfunga mdomo mtu aliyewaudhi wakubwa.

Mwaka 1980 Texas nayo ilikwama mahali hapo hapo. Sheria yake ilimruhusu jaji, kwa kuwa ukumbi ulionyesha filamu chafu jana, auzuie kuonyesha filamu chafu kesho, zisizotajwa majina na bila kikomo cha muda. Mwenye ukumbi angeadhibiwa kwa kudharau amri hata kama filamu mpya ingeonekana baadaye kuwa halali. Mahakama ya Juu ikaikataa.

Basi turudi Kenmore. Hukumu ilitoka Julai 1986, kura 6 dhidi ya 3, na duka likashindwa. Jaji Mkuu Burger aliandika kwamba ngono ya hadharani na biashara ya mwili si maoni, na haziwi maoni kwa kufanyika karibu na vitabu. Mwizi aliyefungwa jela naye hupoteza nafasi ya kuhutubia uwanjani, ila hakuna anayesema alifungwa kwa ajili ya hotuba. Jaji O'Connor alikubali, akaongeza onyo: mji ukiitumia sheria ya kero kama kisingizio cha kulifunga duka kwa sababu ya vitabu vyake, hapo Katiba inahusika moja kwa moja. Jaji Blackmun alipinga. Kama tatizo ni vitendo, alihoji, kwa nini hawakukamatwa wanaovitenda?

Swali hilo la Blackmun ndilo linalonifanya nichukue upande. Kesi iliporudi Albany, makao makuu ya jimbo la New York, mwaka ule ule, Mahakama ya Rufani ya New York ililijibu kwa kutumia katiba ya jimbo lake, yenye ulinzi mpana zaidi. Ilisema jimbo lazima lionyeshe kwanza kwamba njia nyepesi, kama kuwakamata wahusika au kuomba amri ya kuzuia vitendo vyenyewe, zisingetosha. Jimbo halikuonyesha hivyo. Duka likashinda. Naamini mahakama hiyo ilipatia mahali ambapo Mahakama ya Juu ilipita haraka. Burger alikuwa sahihi kwamba vitendo vile ni kero. Kosa lake ni kuona kwamba ukishathibitisha kero, ukubwa wa dawa si hoja tena.

Kipimo changu ni hiki. Je, mlalamikaji anaweza kueleza dhara lake lote bila kufungua kitabu hata kimoja? Ngono dukani, ugomvi mlangoni, sindano kichochoroni: anaweza, na sheria ya kero ni mahali pake, mradi amri iyalenge mambo hayo. Akilazimika kufungua kitabu ili dhara lionekane, basi hiyo ni kesi ya uchafu, iende na ulinzi wake wote, kitabu kwa kitabu. Wapo watakaosema mtaa hauwezi kungoja hivyo. Kwa hao miji ina sheria ya mipango miji. Detroit iliruhusiwa mwaka 1976 kuzitenganisha biashara hizi zisirundikane, na Renton, jimbo la Washington, ikaruhusiwa mwaka 1986 kuziweka mbali na makazi na shule. Hata njia hii ina unyonge wake: Renton haikufanya utafiti wake, iliegemea uzoefu wa Seattle. Lakini angalau haimwekei mtu kufuli.

Jiji la New York lenyewe lilipitisha sheria ya kuondoa kero miaka ya 1970, hasa kusafisha biashara ya ngono ya Times Square. Iliruhusu polisi kwenda kwa jaji na kurudi na amri ya kufunga kabla upande wa pili haujasikilizwa. Maduka ya Times Square yalipungua, sheria ikabaki. Mwaka 2016 gazeti la Daily News na shirika la habari la ProPublica walionyesha polisi wakiitumia kwenye maduka madogo ya mitaani na kwenye nyumba za watu, wengi wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini. Wengine walifukuzwa nyumbani bila kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2017, na mwaka huo huo baraza la jiji likaibana sheria, ikiwemo zile amri za upande mmoja. Ilikuwa imepita takriban miaka 40 tangu ipitishwe kwa ajili ya sinema za ngono.