Tumejiandaa kwa giza, kwa maji bado

Usiku ule maji yalipoingia chumbani kwa mama, zilizotangulia kuelea ni kandambili, likafuata begi. Kwa kandambili tulicheka. Kwa begi hatukucheka: humo mlikuwa na cheti chake cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanne, kadi ya bima na albamu yenye picha za marehemu baba akiwa kijana. Umeme ulikuwa umeshakatika tangu saa mbili. Sisi tulikuwa na taa mbili za sola zilizojaa chaji, pawabenki, na kila mtu na tochi ya simu yake. Kwa hiyo tuliona vizuri kabisa jinsi mali yetu inavyolowa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema, na watu wa Makorora wameshanichoka: sisi wa Tanga giza tumelizoea, tumelitafutia dawa. Umeme ukikatika hakuna anayeshtuka, mtoto wa darasa la pili anajua taa ya sola ilipo. Maji ndiyo tunayapokea kama mgeni asiyepiga hodi, ingawa masika huja kila mwaka kuanzia Machi, na vuli Oktoba. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, redio zikarudia asubuhi na jioni. Mtaani kwetu watu walifanya nini? Walichaji simu. Kimbunga kikaingia nchi kavu upande wa Mafia tarehe 4, sisi huku kikatupita, na somo likapita nacho.

Tatizo letu la kwanza ni uvungu. Vyumba ni vidogo, kitanda ni kikubwa, basi uvungu unakuwa ndiyo ghala na ndiyo benki. Kiroba cha unga kimo, mabegi yamo, viatu vya sikukuu vimo, na ukichungulia zaidi utakuta waya wa kuunganishia umeme umelala sakafuni na friji imechomekwa humo humo. Kila tunachokithamini tumekipeleka mahali ambapo maji yatafika mwanzo.

Wazee hawakujenga hivi. Nyumba ya bibi yangu kule Ngamiani ina baraza la mbele lililoinuka, unapanda ngazi tatu ndipo uufikie mlango. Tulidhani baraza ni la bao na kahawa tu. Leo tunajenga chini, tunaweka vigae vinavyong'aa, tunasakafia ua mzima kwa saruji hadi maji hayana pa kuzama, halafu barabara inakuja kuinuliwa kwa kifusi na nyumba inabaki bondeni. Ukimlaumu jirani aliyetupa taka mtaroni, mlaumu kweli, anastahili. Lakini mtaro ukizibuliwa leo na kizingiti chako kiko chini ya barabara, utaendelea kuchota maji kwa sufuria.

Februari iliyofuata, jua likiwa kali, nilimwita fundi akapiga rafu mbili karibu na dari. Vyeti nikavitia kwenye mifuko ya nailoni, kisha kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, ile ya rangi. Nikavipiga picha vyote nikamtumia dada yangu aliye Dodoma. Gharama kubwa ilikuwa kumshawishi mama. "We mwanangu, vyeti vyangu vinakaa na mimi," alisema, na kwa siku tatu hakunijibu salamu vizuri.

Sasa niseme la umeme, maana hapo ndipo pananitia hofu kuliko begi. Watu wengi huogopa umeme unapokatika. Mimi naogopa unaporudi. Usiku ule tulikuwa tumesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, soketi ya chini imeshazama, na meni swichi, ile swichi kubwa inayokata umeme wa nyumba nzima, hakuna aliyeikumbuka. Mara mtaa mzima ukapiga kelele, "Umerudiii!" Watoto wakarukaruka. Taa ya ukumbini iliwaka, na sisi miguu majini. Mungu alitunusuru, sina maelezo mengine.

Kuzima meni swichi ni kazi ya nusu dakika, nayo hufanywa maji yakiwa bado uani, mkono ukiwa mkavu. Yakishaingia na wewe umesimama ndani yake, usiiguse. Na yakishatoka usiiwashe kwa pupa, mwite fundi wa umeme akague soketi na nyaya kwanza.

Lakini nenda kwenye nyumba ya wapangaji sita uulize meni swichi iko wapi. Luku ni moja, hela ya umeme mnachangishana kwa ugomvi kila wiki, na swichi kubwa iko ndani ya chumba kilichofungwa cha mwenye nyumba, ambaye anaishi Dar na ufunguo ameondoka nao. Hapo taa za sola hata kumi hazikusaidii kitu. Ningekuwa mpangaji, kabla sijauliza choo kiko ndani au nje, ningeuliza ufunguo huo anao nani. Mwenye nyumba akikasirika, akasirike.

Mengine ni madogo ila yanauma. Nunua yuniti kabla ya mvua kubwa, kwa sababu mtandao wa simu nao huyumba minara ikikosa umeme, na hapo pesa yote iliyo kwenye simu inakuwa hadithi. Weka noti ndogondogo ndani. Friji usiifungue kila dakika kuangalia kama samaki wameharibika. Ikibaki imefungwa baridi hudumu kama saa 4, na friza iliyojaa huweza kufika saa 48. Maji ya kunywa yajaze mapema, maana pampu bila umeme hazisukumi kitu, na kisima kilichofikiwa na maji ya vyoo ni mlango wa kipindupindu: chemsha au tia dawa. Jiko la mkaa na jenereta visiwashwe ndani ya nyumba hata madirisha yakiwa wazi, moshi wake huua watu usingizini. Namba ya Zimamoto, 114, iandikwe ukutani kwa kalamu nene, si kwenye simu itakayozima.

Kuna anayesema, sisi tuna maporomoko ya Hale na Pangani mkoani kwetu, iweje tukae gizani? Mtambo wa Hale ulijengwa 1964 kwa uwezo wa megawati 21, wa Pangani ukaja miaka ya 1990 na megawati 68, na umeme wa yote miwili unaingia gridi ya taifa. Kuishi karibu na bwawa hakukuongezei hata balbu moja.

Cheti cha ndoa cha mama tulikianika juu ya mkeka siku mbili. Wino ulichuruzika, jina la baba likabaki nusu. Sasa kiko ndani ya ndoo, juu kabisa, na kila Ijumaa baada ya sala mama huniomba nimshushie akiangalie. Namshushia, anakitazama, namrudishia juu.