Sema Wewe Kwanza

Ofisini kwetu hakuna siri. Tunajua nani amenuniana na mkewe, nani anameza dawa za presha, nani alisinzia kwenye kikao cha bajeti akazinduka akipiga makofi peke yake. Dada wa mapokezi alituonyesha hadi picha za mawe yaliyotolewa kwenye figo zake, jiwe moja moja, na wala hatukumwomba. Sasa thubutu kumuuliza mtu huyohuyo, "Hivi mwenzangu, wewe unalipwa ngapi?" Atakuangalia kama umemvua nguo hadharani. Mawe ya figo ruksa, mshahara mwiko.

Mwisho wa mwezi ndiyo vituko vyenyewe. Slipu inakuja kwa barua pepe, imefungwa kwa neno la siri: tarehe ya kuzaliwa, halafu tarakimu nne za mwisho za kitambulisho, halafu herufi ya kwanza ya jina, na iwe kubwa. Ulinzi wote huo wa nini? Mwizi akiiona ile slipu yangu atanichangia. Lakini hata mimi mwenyewe siifungui hivihivi. Kwanza napunguza mwanga wa kompyuta mpaka maandishi yanakuwa kivuli. Kisha nasogeza kiti, nainama, kiganja kimoja nakiweka kama pazia pale penye jumla, naanza kusoma kutoka juu: mshahara wa msingi, posho, kodi, makato, makato mengine, makato ambayo hata jina hayana. Nikiinua kichwa naona idara nzima imeinama vilevile, viganja kwenye vioo. Mtu akipita nyuma, wote kwa pamoja tunafungua jedwali la mauzo na kukunja uso.

Ukiuliza ofisi ya utumishi kwa nini, unajibiwa kwa sauti ya upole kwamba usiri ni kwa ajili ya amani kazini. Amani ya nani? Mimi nisiyejua ndiye ninayekesha nikipiga hesabu ya viatu vya jirani yangu wa meza. Anayejua mishahara yetu sote, kwa kuwa iko kwenye faili lake, ndiye anayelala usingizi. Siku ya kujadili nyongeza tunakaa wawili mezani, mmoja ana karata zote zimefunuliwa, mwingine ana kalamu. Eti tunajadiliana.

Na mchezo unaanza kabla hata hujaajiriwa. Tangazo linasema "mshahara mzuri wa ushindani". Unashindana na nani, hawasemi. Wahenga walituonya tusinunue mbuzi kwenye gunia, ila hapa mbuzi ni mimi, na bado natakiwa nitaje bei yangu. "Unatarajia kulipwa kiasi gani?" anauliza yule bwana, na kiwango chenyewe anacho kwenye droo. Ukitaja kikubwa, anaandika kitu kirefu kwenye karatasi. Ukitaja kidogo, anasema "sawa" kabla hujafunga mdomo, na hiyo "sawa" itakutafuna miaka. Kuna na lile swali lingine: "Kule ulikotoka walikuwa wanakulipa ngapi?" Yaani kupunjwa kuwe ugonjwa wa kurithi, utoke nao kampuni hii uingie nao ile. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 2016 ya kuwazuia waajiri kuuliza hivyo kabla hawajataja dau lao. Niliposoma habari hiyo nilitaka kuipigia makofi peke yangu kama yule wa kikao cha bajeti.

Wanaodhani nalalamika bure wakasome habari za marehemu Lilly Ledbetter. Mama huyu alifanya kazi miaka 19 kwenye kiwanda cha matairi cha Goodyear, Gadsden, jimbo la Alabama. Karibu na kustaafu, mtu asiyejulikana akamwachia kikaratasi chenye mishahara: wake, na ya wanaume wa cheo kilekile. Yeye dola 3,727 kwa mwezi. Mwanaume wa chini kabisa kati yao, dola 4,286. Akaenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji watano dhidi ya wanne, ikamwambia kesi imechelewa, alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu mshahara ulipopangwa. Sasa jamani, mtu alalamike vipi juu ya kitu alichofichwa? Obama alisaini sheria ya kurekebisha hilo Januari 2009, imebeba jina la mama huyo. Kutoka kwa kampuni yeye mwenyewe hakupata hata senti.

Na kinachonichosha ni kwamba hukohuko Marekani, tangu mwaka 1935, sheria inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanapozungumzia mishahara yao. 1935! Bado kuna mabosi wanaonong'ona kwamba kuzungumzia mshahara ni kosa la kufukuzwa. Barua ya kuchelewa dakika kumi inakufikia asubuhi hiyohiyo, sheria ya kukulinda bado iko njiani.

Kampuni kubwa zikibanwa, zinacheza. Jimbo la Colorado, hukohuko Marekani, lilipoanza mwaka 2021 kulazimisha matangazo ya kazi yaonyeshe kiwango cha mshahara, kampuni kadhaa ziliweka kazi za kufanyia popote nchini, kisha kwa chini: isipokuwa wakazi wa Colorado. Wako tayari kumkosa mtu mzuri kuliko kutaja namba. Na wanaotaja, baadhi wanaweka kiwango kipana kiasi kwamba kati ya mwanzo wake na mwisho wake unaweza kuupanga ukoo wangu wote, pamoja na madeni yao.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha agizo mwaka 2023, nchi wanachama zikapewa hadi Juni 2026: mwombaji aambiwe kiwango mapema, na mfanyakazi awe na haki ya kuuliza wastani wa malipo ya wanaofanya kazi kama yake, wanawake kwa wanaume. Nasubiri kuona watakavyolikwepa.

Nikisema hivyo msidhani mimi ni malaika wa uwazi. Msimamo wangu ni huu: mishahara yote iwekwe wazi, isipokuwa wangu. Ndiyo maana Norway wananitisha. Kule kipato na kodi ya raia viko wazi, na kwa miaka kadhaa watu waliwachungulia majirani na mashemeji mtandaoni bila wasiwasi. Kisha mwaka 2014 wakabadilisha: ukimchungulia mtu, naye anaona jina lako. Uchunguliaji ukaporomoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba na wao ni binadamu. Finland nao takwimu za kodi hutoka kila Novemba, na siku hiyo wenyewe wameibatiza siku ya wivu wa taifa. Naipenda nchi inayoupangia wivu siku yake, sisi wengine tunautumikia mwaka mzima bila likizo.

Kuna utafiti wa mwaka 2012 uliofanywa kwa wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California, ambao mishahara yao ilikuwa wazi mtandaoni. Waliogundua wako chini ya wenzao walinyong'onyea na kufikiria zaidi kutafuta kazi nyingine. Waliogundua wako juu hawakufurahi zaidi hata kidogo. Bila shaka walisema, "Si ndivyo inavyopaswa?"

Basi juzi nimekutana na jamaa wa meza ya pili pale kwenye printa. Cheo kimoja, kazi moja. Nikafunga mlango. "Sema wewe kwanza," nikamwambia. "Anza wewe, mkubwa." "Aa, mgeni ndiye huanza." "Mgeni nani, tumeingia siku moja!" Tukakubaliana kila mmoja aandike kwenye karatasi, tufunue kwa pamoja, moja, mbili, tatu. Hakuna aliyefunua. Tukarudia. Mimi nilikuwa nimeandika kiasi changu nikakiongeza theluthi, kwa heshima ya familia. Alipoiona namba yangu akanyamaza, karatasi yake akaikunja akaitia mfukoni, akasema ana simu ya kupokea.

Kumbe alikwenda moja kwa moja kwa bosi. Akamwambia haiwezekani mtu wa cheo chake alipwe kiasi kile yeye aachwe nyuma. Na wamempa! Namba ileile niliyoitunga pale kwenye printa, wamempa, kuanzia mwezi ujao, na barua juu.

Nikasema sawa, na mimi siyo mjinga. Nikabisha hodi ofisi ya utumishi, nikaomba nilipwe kama mwenzangu. Yule mama akavua miwani, akaniangalia kwa upole uleule wa amani kazini.

"Kaka yangu, habari za mshahara wa mwenzako umezitoa wapi?"