Steji ibaki steji

Neno la Kiingereza "stage" linatuhangaisha sana sisi tunaofasiri na kufundisha Kiswahili hapa Uganda. Mwigizaji anayepanda mbele ya watazamaji katika Ukumbi wa Taifa mjini Kampala, uliofunguliwa mwaka 1959, amepanda jukwaani. Mgonjwa anayeelezwa na daktari kwamba saratani yake imefika "stage" ya tatu anaambiwa habari ya hatua, na ole wake mfasiri atakayemwandikia kuwa ni jukwaa la tatu. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko barabarani. Neno hilo lina asili katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimama, na enzi za magari ya farasi Waingereza waliita hivyo mahali pa kubadilishia farasi, pamoja na mwendo wa kutoka mahali pamoja hadi pengine. Sisi tumelipokea kama steji, yaani pale abiria wanapongojea teksi au boda boda. Baadhi ya walimu wenzangu hulikata kwa wino mwekundu na kuandika "kituo" juu yake, jambo ambalo siliungi mkono hata kidogo.

Kituo ni neno zuri, ila limekwisha kubebeshwa polisi, afya na kupigia kura, na zaidi ya hayo halielezi kinachofanyika steji. Steji ya boda boda mjini Kampala ina mwenyekiti anayetunza daftari la majina, ina ada ya kujiunga, ina zamu ya kuchukua abiria, na mara nyingi ina mchango wa mwenzao aliyelazwa au aliyefiwa. Mgeni hawezi tu kuegesha pikipiki yake pale akaanza kazi, atafukuzwa. Huo ni ushirika wa watu wanaofahamiana, na neno lake wanalo wenyewe.

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Katika vitabu vitakavyoandikwa kwa ajili ya watoto hao, wengi wao wakiwa wanapelekwa shuleni kwa boda boda, naomba tuandike pasipo kuona haya: steji yetu, steji zetu, mwenyekiti wa steji.