Majivu ya makaa ya mawe si majivu ya jikoni

Juzi redioni mgeni mmoja aliulizwa: mitambo ya umeme wa makaa ya mawe ikijengwa, majivu yatakwenda wapi? Akajibu kwamba majivu ni majivu tu, hata bibi zetu waliyatia kwenye maharage yasibunguliwe. Mtangazaji akaridhika, muziki ukapigwa. Mimi hasira haijaniisha hadi leo.

Bibi alitumia majivu ya kuni, kwa kiganja. Makaa ya mawe hutoka ardhini na aseniki na risasi ndani yake, na yakishaungua sehemu kubwa ya sumu hiyo hubaki kwenye majivu. Halafu ni mengi mno! Makaa mengi ya India huacha tani 3 hadi 4 za majivu katika kila tani 10 zilizochomwa.

Kule Kingston, jimbo la Tennessee, Marekani, usiku wa Desemba 22, 2008, ukuta wa bwawa la majivu ulibomoka. Tope la zaidi ya mita za ujazo milioni 4 likamwagika, likasukuma nyumba na kuingia mtoni. Baadaye wafanyakazi waliolisafisha walikwenda mahakamani wakidai limewapa maradhi. Na yote hayo kwa kuwa kuyachanganya majivu na maji na kuyarundika bwawani kulionekana rahisi.

Kinachoniuma ni kwamba vumbi hilohilo la majivu, likinaswa kavu kabla halijatoka na moshi na likapimwa ubora, ni mali. Saruji ikikutana na maji huachia chokaa. Majivu haya huishika chokaa hiyo na kuzidi kuigandisha zege, ambayo huzidi kukomaa kadiri miezi inavyopita. Fundi anaweza kupunguza saruji kwa asilimia 15 hadi 30. Bwawa la maji la Hungry Horse huko Montana, Marekani, lililokamilika mwaka 1953, lilijengwa hivyo. India nayo tangu 1999 ina kanuni za kuitaka mitambo yake ihakikishe majivu yanatumika, ingawa utekelezaji umesuasua.

Nakubali, umeme tunauhitaji, na sitamlaumu anayeutafuta. Lakini umeme wa makaa ya mawe ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, utatufikia Tabora kwa nyaya za gridi, na majivu yatabaki Ludewa, kwenye visima vya watu ambao hatutawaona. Kwa hiyo na sisi linatuhusu. Ghala la majivu makavu na mnunuzi wake viandikwe kwenye mkataba kabla tanuru la kwanza halijawashwa, na bwawa la tope likataliwe kabisa.

Najua nauli ya kuyaleta majivu hayo huku Tabora itakula faida. Basi tuanze na yetu. Pumba za mpunga zinazorundikwa kwenye mashine za Nzega na Igunga, zikichomwa kwa joto lisilopita kiasi, hutoa majivu yenye silika tele, madini yaliyomo kwenye mchanga, yanayofanya kazi ileile kwenye zege. Tofali zikitengenezwa kwa mchanganyiko huo wa saruji na majivu, bila kuchomwa, miti ya miombo tunayoiteketeza kuchomea tofali itapona. Mwenye mashine na fundi tofali wa Nzega wanaweza kulianza hili msimu huu wa mavuno, na halmashauri iwatafutie maabara ya kupima tofali zao za kwanza.