Seva kuzimika si sawa na kazi kupotea
Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema huduma za kuhifadhi msimbo (maandishi yanayounda programu za kompyuta) zinazoendeshwa na watu wa kujitolea hazifai kwa kazi ya maana, kwa kuwa seva zao, yaani kompyuta zinazotunza kazi hiyo mtandaoni, huzimika. Kuzimika zinazimika kweli, ila ameacha jambo kubwa: jinsi Git yenyewe, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo huduma hizi huitumia, inavyofanya kazi. Tangu Linus Torvalds alipoitengeneza mwaka 2005, kila anayenakili mradi kwa kawaida hubaki na historia yake yote kwenye kompyuta yake. Mimi nipo Moshi, naandika programu ya kupokelea kahawa kwa chama cha msingi kimoja huku Kibosho. Msimu uliopita huduma tunayotumia ilizimwa kwa matengenezo asubuhi hadi jioni, nami na mwenzangu aliye Arusha tukaendelea kutumiana mabadiliko kwa barua pepe. Seva iliporudi tukayapandisha, hakuna hata mstari uliopotea. Kilichotukwamisha ni orodha ya hitilafu na mijadala yetu, maana hivyo vilikaa kwenye seva peke yake, na hapo ndipo panapotaka nakala rudufu. Kulipia nako si kinga: GitLab, inayotoa huduma kama hizi, ni kampuni yenye wahandisi wa mshahara, lakini 31 Januari 2017 mmoja wao alifuta hifadhidata kwa makosa, data za muda wa saa 6 hivi zikapotea. Hawa wa kujitolea wanakesha na seva baada ya kutoka kazini kwao, bila malipo, na nawaheshimu sana. Wenzangu mnaotumia huduma hizi, mijadala ya miradi yenu mnaihifadhi vipi?