Mshale wa Oblivion na Maelekezo ya Morrowind

Mgeni anayeshuka stendi ya Kange, hapa Tanga, akiulizia nyumba iliyoko Ngamiani, huelekezwa kwa maneno. Huambiwa aende barabara ya ngapi, kwa kuwa barabara za Ngamiani zinajulikana kwa namba, kisha amuulize muuza kahawa wa pale kona, na hadi anapobisha hodi anakuwa ameshaujua mtaa kidogo. Morrowind, gemu ya kompyuta iliyotolewa na Bethesda ya Marekani mwaka 2002, ilijengwa kwa utaratibu huohuo. Mchezaji huanza akiwa mfungwa aliyeachiwa huru, hukabidhiwa kifurushi ampelekee mtu mmoja aitwaye Caius katika mji wa Balmora, na hakuna alama yoyote inayomwonyesha nyumba ya mtu huyo. Inambidi afike mjini, aingie kwenye kilabu alichotajiwa, aulize.

Miaka minne baadaye kampuni hiyohiyo ilitoa Oblivion, na kwenye skrini pakawa na dira yenye mshale unaoelekeza moja kwa moja kwenye jukumu ambalo mchezaji amelichagua. Tangu hapo wapenzi wa gemu za kuigiza mhusika wamegawanyika: wapo wanaouona mshale huo kuwa maendeleo, na wapo wanaoona kwamba ndio ulioanza kuondoa kitu walichokipenda.

Nilikuwa kundi la pili hadi mpwa wangu, aliyeko kidato cha pili, alipokuja kwangu likizo. Nilimkalisha mbele ya Morrowind kwenye laptopu yangu ya mtumba. Akasoma mstari wa kwanza wa mazungumzo, akaurudia, kisha akaniuliza, "Mjomba, hapa wanasema nini?" Hakuwa ameshindwa na gemu, Kiingereza ndicho kilichomshinda. Nilipomfungulia Oblivion aliufuata mshale, akafika, akapigana, akafurahi. Nilipomuuliza nani amemtuma huko na kwa sababu gani, hakuwa na jibu.

Pande zote mbili zimo katika jioni ile moja. Hakuna hata moja kati ya gemu ninazozitaja hapa iliyotoka kwa Kiswahili, kwa hiyo kwa kijana wa kwetu mshale ndio mkalimani pekee aliyepewa. Anayeubeza kwa jina la mila anamfungia mlango mtoto huyo, na pia anasahau kwamba maelekezo ya zamani mara nyingine yalikuwa ya kubahatisha, yakampotezea mchezaji saa nzima bila kumfundisha chochote.

Neno mila lenyewe linahitaji kuulizwa ni ya mwaka gani. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa mwaka 1974 ambao ndio chimbuko la gemu hizi, huchezwa kwa zamu na dadu. Baldur's Gate, gemu ya kompyuta ya mwaka 1998 iliyojengwa juu ya mchezo huo, ilifanya mapigano yaende mfululizo, mchezaji akiyasimamisha anapotaka kufikiri; ulikuwa ubunifu, na leo unatetewa kama mila. Baldur's Gate 3, iliyotolewa na Larian ya Ubelgiji mwaka 2023, iliporudi kwenye zamu, wapo waliolalamika kwamba imeacha asili. Disco Elysium ya mwaka 2019 nayo iliondoa kabisa mfumo wa mapigano, ikabaki na dadu.

Kwangu mimi, kinachostahili kulindwa ni ile sehemu ya kazi ambayo mchezaji huachiwa aifanye kwa akili yake. Katika bao, lenye mashimo 32 na kete 64, zamu ndiyo inayompa mzee nafasi ya kuhesabu kwa macho kabla hajatia mkono shimoni. Ubaya wa mshale unaanza pale mwandishi wa gemu anapouegemea. Katika Skyrim, gemu nyingine ya Bethesda ya mwaka 2011, asiyetaka kuufuata hukwama mara nyingi, kwa sababu maneno ya wahusika peke yake hayatoshi kumfikisha. Assassin's Creed Odyssey ya mwaka 2018 ilitenda vizuri zaidi: mchezaji huchagua kuonyeshwa mahali penyewe, au kupewa vidokezo tu vya eneo na upande, kisha atafute. Hilo linawezekana pale tu maneno yanapoandikwa kwanza na mshale ukafuata baadaye. Wala biashara si kisingizio, maana Elden Ring ya mwaka 2022 haina hata orodha ya majukumu, na ndani ya mwaka mmoja iliuza nakala zaidi ya milioni 20.

Kabla likizo haijaisha tulirudi Morrowind, mimi nikisoma na kutafsiri, yeye akicheza. Alichukua daftari akaandika kwa Kiswahili: fika Balmora, tafuta kilabu, muulizie Caius. Alipotea mara mbili. Alipompata, alijua amemletea nini na nani aliyemtuma.